Sketi ya Mama Ukutani

Watu wa Karatu wakiingia sebuleni kwa Hyasinta walikuwa wanatazama huku na huku, kisha wanauliza kwa sauti ya pole kama ameibiwa. Makochi hayakuwa na vitambaa. Ukutani hapakuwa na kalenda wala picha ya kipaimara, ila kioo kimoja tu, nacho kimetundikwa pembeni. Juu ya meza palikuwa na chungu kilichochomekwa tawi kavu la mti. Mwaka ule wa foleni za sabuni, mtu mwenye kazi ya hoteli kukaa katika nyumba tupu namna ile kulikuwa kujitafutia kusemwa, na Hyasinta alisemwa vya kutosha.

Mwenyewe aliona wanaomsema hawajui kitu. Alikuwa mpambaji wa vyumba katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na walimu wake walikuwa magazeti. Watalii waliyaacha vyumbani, magazeti mazito ya nyumba za Ulaya, karatasi inateleza kama imepakwa mafuta. Wenzake waliyataka ya kufungia karanga na kufunikia madaftari ya watoto. Yeye aliyaomba, aliyabembeleza, mengine aliyapata kwa kutoa sabuni yake ya mgawo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini picha hazihitaji mkalimani. Aliyapenda magazeti yale kama wengine wanavyopenda pombe. Akiwa nayo hasikii akiitwa.

Mumewe Martini, seremala, hakulalamika. Alionyeshwa picha ya kiti, akakuna kichwa, akachonga kiti. Aliyelalamika alikuwa Bibi Katarina, mama mzazi wa Hyasinta, aliyehamia kwao kutoka kijijini Daa baada ya kufiwa na mume. Siku moja alichukua gazeti akalifunua ukurasa mmoja mmoja, akilishika mbali na macho.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya tajiri mmoja huko kwao, mama."

"Na hii?"

"Ya mwingine."

"Wenyewe wako wapi? Kitanda kimetandikwa, kikombe kipo mezani, mtu hamna. Wamekufa wote?"

"Mama, hapo hapigwi picha mtu. Inapigwa picha nyumba."

"Nyumba bila mtu ni zizi lililohamwa," alisema Bibi Katarina, akamrudishia gazeti lake.

*

Hoteli yenyewe ilikuwa imechoka. Miaka ile mpaka wa Namanga ulipofungwa wageni walikatika, mapazia yakaliwa na jua, na rangi ya kuta ikawa haipatikani hata kwa kujuana. Sasa mpaka ulikuwa umefunguliwa. Meneja, Bwana Patrisi, mtu ambaye viatu vyake viling'aa hata kwenye matope ya ukungu, alipata habari kwamba wenye makampuni ya kusafirisha watalii wanakuja kutoka Ulaya kukagua kama pale mahali bado panafaa kuletewa watu. Akamwita Hyasinta kwenye ukumbi wa mapumziko, akamwonyesha ukuta ulio juu ya meko.

"Hapa palikuwa na picha ya simba. Unyevu umeimaliza. Sasa pana doa. Mgeni akiingia kitu cha kwanza anaona doa. Weka kitu."

"Kitu gani, Bwana Patrisi? Arusha nzima huwezi kupata mita mbili za kitambaa."

"Wewe si ndiye mwenye magazeti? Ukinitoa aibu hii nitawaandikia wakubwa, upewe kazi ya kupamba hoteli zetu zote. Usiponitoa, utarudi kutandika vitanda. Sitanii."

Hyasinta alikuwa na miaka thelathini na minane, na tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua ni kazi. Mchana ule hakula. Alikaa stoo ya mashuka akafunua magazeti yake mpaka akafika kwenye picha aliyoipita mara nyingi: ukuta mweupe, na juu yake vazi la ngozi lenye shanga, la watu wa nchi asiyoijua, limetandazwa ndani ya fremu na kumulikwa taa. Vazi kama lile lilikuwamo nyumbani kwake, ndani ya sanduku la mama yake.

*

Sketi ile ya ngozi Bibi Katarina aliishona akiwa mwali, amewekwa ndani pamoja na wasichana wenzake, katika miaka ya mwisho kabla Waingereza na mapadri hawajayakataza mambo hayo. Aliposhona ushanga wa mwisho alitoka nayo mbele ya watu akiwa mwanamke kamili. Siku ya harusi ya Hyasinta alimletea avae baada ya kanisani. Hyasinta alikuwa amevaa gauni jeupe la kuazima, akasema itamchafua, mbele ya mashangazi. Bibi Katarina aliikunja akairudisha kwenye sanduku, na tangu hapo hakuitaja.

Sasa Hyasinta alimkuta anachambua maharage uani, akachuchumaa karibu naye.

"Mama. Ile sketi yako ya ngozi. Naiomba."

Mikono ya Bibi Katarina ikasimama. "Ya nini?"

Hyasinta alikuwa amepanga maneno njia nzima kutoka hotelini. Hakuyatumia, maana mama yake alimwahi.

"Ya harusi ya Paskalina? Unataka kuivaa?"

Paskalina alikuwa binti wa Qamara, kaka yake Hyasinta aliyebaki Daa, na harusi yake ilikuwa Jumamosi ya juma lile lile la wageni. Hyasinta aliutazama uso wa mama yake, akaona umefunguka kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu baba afariki.

"Ndiyo, mama," akasema.

Bibi Katarina aliinuka akitikisa maganda kwenye khanga. Aliitoa sketi, akaipaka samli taratibu kwa kiganja mpaka ngozi ikalainika, huku akieleza safu hii ya shanga ilishonwa mvua zikinyesha, na ile alisaidiwa na Marselina, mwali mwenzake, kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba. Jioni majirani wote walikuwa na habari. "Jumamosi mtamwona mwanangu," aliwaambia. "Alichelewa, lakini amefika."

Hyasinta alimwambia mama anakwenda nayo hotelini aizoee mwilini, akajipa moyo. Wageni wangefika Jumatano na kuondoka Alhamisi. Ijumaa angerudi nyumbani na sketi, Jumamosi angeivaa kweli, na nani angejua? Hesabu ilikaa sawasawa. Hesabu za mwongo hukaa sawasawa siku zote.

Martini alipewa kamba yenye mafundo ya kipimo, akaambiwa achonge fremu ya picha kubwa. Alitafuta ubao mzuri, akaupiga randa mpaka ukawa laini kama kiganja cha mtoto. Hakuuliza picha ya nini. Alikuwa mtu wa kumwamini mkewe, na kwa heshima ya ukwe hata nguo ya Bibi Katarina iliyoanikwa kambani aliipita akitazama chini.

*

Lazima tuseme ukweli: ilipendeza. Hyasinta aliitandaza sketi ndani ya fremu, akaipigilia misumari midogo pembezoni, akasogeza taa ya mezani iitazame kutoka chini. Upande wenye shanga nyingi ulikuwa wa nyuma, ule anaoukalia mwanamke, na ndio aliougeuzia watu. Doa likafichika. Wahudumu walikuja mmoja mmoja kuchungulia. Bwana Patrisi alisimama mbele ya ukuta mikono kiunoni, akacheka peke yake.

"Ya nani hii?"

"Ya ukoo wetu, bwana."

"Mwenyewe hatakuja kudai? Sitaki wazee wanijie hapa na fimbo, wageni wako kwenye chai."

Hyasinta angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi na maneno hayakuwa mengi. Lakini aliiona sketi inavyowaka kwa ile taa, akaona kama gazeti limefunuliwa pale ukutani na kazi yake imo ndani, na ulimi ukamtangulia.

"Mwenyewe alishafariki, bwana."

"Basi vizuri," alisema Bwana Patrisi.

*

Jumatano asubuhi Bibi Katarina alikuwa akipanga upya sanduku lake alipoukuta mkanda wa sketi, umejikunja chini kabisa ndani ya kitambaa. Sketi bila mkanda haivaliki. Hyasinta alikuwa analala hotelini mpaka Ijumaa, na mkanda nao ulihitaji kulainishwa na mvaaji mwenyewe, kwa kipimo chake. Bibi Katarina akaufunga kwenye ncha ya khanga, akaenda kusimama barabarani. Moloimet, dereva wa gari la mboga la hoteli, kijana wa Kimaasai wa Nainokanoka aliyemfahamu vizuri, akasimama.

"Yeyo, mama, unakwenda wapi na baridi hii?"

"Kwa mwanangu. Kuna kitu chake nimekisahau."

"Panda mbele hapa. Kabichi zitakaa nyuma."

Walifika wakati wa chai ya alasiri. Moloimet alimpitisha mlango wa jikoni, na mpishi akamwelekeza ukumbini bila kufikiri, maana wote walikuwa na haraka. Hivyo ndivyo Bibi Katarina alivyojikuta amesimama kwenye zulia, na makubazi yake ya tairi yenye matope, katikati ya Wazungu walioshika vikombe. Bwana Patrisi alikuwa anazungumza. Kiongozi wa wageni, mtu mnene mwenye ndevu, alikuwa ameinua uso kuelekea ukutani na wengine wameinua nyuso pamoja naye.

Bibi Katarina naye akatazama. Hakupiga kelele. Aliitazama kwanza misumari. Kisha akaona ni upande gani umegeuziwa watu, akashusha macho na kujivuta khanga mabegani, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafuni.

"Huyu bibi ni nani?" Bwana Patrisi aliuliza kwa Kiswahili, tabasamu bado limo mdomoni kwa ajili ya wageni. "Nani amemruhusu?"

Wahudumu wote walimtazama Hyasinta, kwa sababu alikuwa amesimama karibu. Yeye alitazama makubazi ya mama yake. Aliona aibu ya matope, na nyuma ya aibu hiyo akaiona nyingine kubwa zaidi inakuja, akachagua ile ndogo.

"Ni mama mmoja wa Karatu, bwana. Ameleta kabichi."

"Haya, akae pale pembeni."

Bibi Katarina akaenda pembeni. Bwana Patrisi aliendelea kwa Kiingereza, kisha akageukia wafanyakazi ili wajue ni wapi pa kushangilia. Akasema vazi hili ni la marehemu mmoja wa huku huku, mwanamke wa zamani, na kwamba Hyasinta wetu ameliokoa lisipotee. Mgeni mkuu amelipenda kupita kiasi. Kwa hiyo hoteli inamkabidhi liwe zawadi, aende nalo kwao akawaambie watu Ngorongoro kuna nini. Alimnong'oneza Hyasinta alipompita, "Wakubwa wa Arusha nawaandikia kesho," akaishusha fremu kwa mikono yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Mikono ya Hyasinta nayo ilipiga makofi.

Ndipo Bibi Katarina aliposogea kutoka pembeni. Alifungua ncha ya khanga polepole, maana fundo lilikuwa limekaza, akatoa mkanda.

"Bwana, hiki nacho ni cha marehemu. Mpe mgeni. Havitenganishwi."

"Ala! Umekipata wapi, bibi?"

"Nilikuwa jirani yake."

Yule Mzungu alifurahi mno. Alimshika mkono Bibi Katarina kwa mikono miwili, akaomba kumpiga picha akiwa amesimama na Hyasinta, mmoja huku na mmoja huku wa fremu. Alipoinua kamera alisema kitu, na Bwana Patrisi akacheka.

"Anasema mnafanana. Nimemwambia watu wa huku wote mnafanana."

*

Hyasinta alimkimbilia nyuma ya jiko. Bibi Katarina alikuwa ameshapanda gari, amekaa wima, mikono mapajani.

"Mama."

"Kabichi zangu zilikuwa nzuri?"

"Mama, nisikilize. Alisema hataki wazee, nikaogopa, sikujua kama atatoa..."

"Rudi kazini, mama," alisema Bibi Katarina, akimwita hivyo kwa upole, kama anavyoitwa mwanamke usiyemjua sokoni. "Utafukuzwa bure kwa ajili yangu."

Moloimet aliwasha gari. Alimtazama Hyasinta kwa dirisha. "Mimi nilijua nimempakia mama yako, dada. Sikujua nimempakia muuza kabichi."

Hyasinta alikwenda kwa Bwana Patrisi jioni ile ile, akasimama mlangoni akisokota aproni. Alisema sketi ile inahitajika kwenye harusi, ni ya mama yake, mama yake yuko hai.

"Yuko hai?" Meneja aliweka kalamu chini. "Yule wa kabichi?"

Hyasinta aliitikia kwa kichwa.

"Nenda, Hyasinta," alisema yule bwana, na kwa mara ya kwanza hakumtazama machoni. Hata yeye aliona haya. "Siwezi kwenda kumnyang'anya mgeni. Nitamwambia nini? Kwamba marehemu amefufuka?"

Alfajiri magari ya wageni yaliteremka kuelekea Serengeti, na sketi imo.

*

Ijumaa alimkuta Martini uani anapiga randa. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kuweka mfuko chini. Martini alisikiliza mpaka alipofika kwenye fremu.

"Ile fremu?"

"Ile."

"Kumbe nimechonga mti wa kumwanikia mkwe wangu." Aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena. "Wanaume wakimtazama huku wanakunywa chai. Na mimi nilipaka vanishi, Hyasinta. Nilitafuta vanishi mji mzima."

Hakumpiga wala hakumtukana. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha Bibi Katarina, akasimama hatua kadhaa nje kama impasavyo mkwe, akavua kofia.

"Mama, mimi sikujua."

"Najua, baba," sauti ilitoka ndani. "Wewe ulichonga tu."

Hyasinta alisubiri zamu yake. Alisubiri atukanwe, alaaniwe, aambiwe mkataa kwao mtumwa, kitu chochote ambacho angeweza kukipigia magoti. Bibi Katarina alitoka akiwa na ndoo, akachota maji, akapita.

"Kesho vaa gauni lako la bluu," akasema. "Linakukaa vizuri."

*

Daa walifika wakati ng'ombe wa karamu ameshachunwa. Qamara alikuwa ametandika maturubai, na akina mama wazee wamekaa kwenye ngozi upande wa jua, miguu imenyooshwa. Kila mmoja alimtazama Hyasinta kuanzia kichwani, macho yakateremka mpaka kiunoni, yakakuta gauni la bluu. Wakatazamana wao kwa wao. Marselina, yule aliyekaa ndani pamoja na Bibi Katarina wakati wa uwali wao, hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Katarina, tumetembea tangu asubuhi kuja kuiona sketi. Iko wapi?"

Hyasinta alikuwa ameshika sahani ya wali na nyama.

"Haipo," alisema Bibi Katarina. "Nimeichoma."

"Umeichoma?"

"Niliipaka samli, nikaiweka karibu na moto ilainike. Usingizi ukanichukua. Niliposhtuka imeshashika moto."

Akina mama waliguna kwa pamoja. Mmoja aliziba mdomo kwa khanga. Machozi ya hasira yakamjaa Marselina.

"Ngozi ya ng'ombe wa baba yako! Safu nzima nilikushonea mimi kwa vidole vyangu! Yangu aliichoma padri, nikasema si neno, ya Katarina ipo. Na wewe umelala?" Alivuta pumzi. "Umezeeka vibaya, Katarina. Umezeeka vibaya."

"Ni kweli," alisema Bibi Katarina.

Kazi ya kumpaka bi harusi siagi kwenye paji la uso ilikuwa yake, yeye bibi mzaa baba. Kibuyu kilikuwa kimewekwa mbele yake tangu alipokaa. Marselina aliinama akakichukua. Hakuna aliyepinga. Mtu aliyeunguza vazi la utu wake kwa uzembe hampi baraka mtoto wa watu siku ya ndoa, hata awe mjukuu wake. Paskalina aliletwa akiwa ameinamisha kichwa, akapita mbele ya bibi yake, akapelekwa kupiga magoti kwa Marselina. Bibi Katarina alitazama yote hayo na uso wake mtulivu, mikono imelala mapajani haina kazi.

Hyasinta alishindwa. Aliweka goti moja chini ainuke, na neno lilikuwa limeshafika kooni, "Hakuichoma yeye," alipohisi mkono umemshika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono mkavu, wenye nguvu kuliko alivyodhani.

"Kaa," alisema Bibi Katarina, kwa sauti ya chini, akiendelea kutazama mbele.

"Mama, siwezi. Wanakuonea."

"Mimi siku zangu za kusemwa zimebaki chache. Zako ni nyingi." Alikivuta kile kifundo mpaka Hyasinta akaketi, kisha akaisukuma sahani karibu na magoti yake. "Watu wanatutazama. Kula."

Hyasinta akala.